Uvira: Mbwa wa wafugaji yuko kazini, jiwe halimfukuzi

Kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Kiliba na Sange, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila mtu ana haraka. Kina mama wanaenda shambani na majembe mabegani, wanafunzi wanatembea kwa makundi, motari wanakimbiza abiria kuelekea Uvira mjini, na kundi la ng'ombe linavuka kwenda kunywa maji. Mbele ya ng'ombe kuna mchungaji kijana mwenye fimbo. Nyuma yao, mara nyingi bila mtu kumwona, kuna mbwa.

Kinachofuata kinajulikana na wakaaji wengi wa bonde la Ruzizi. Motari anapiga honi na kupenya katikati ya ng'ombe. Ndama anaruka pembeni, mbwa anabweka na kuifuata pikipiki. Abiria anarusha teke. Mtoto mmoja wa shule anaokota jiwe, anamrushia mbwa, wenzake wanacheka na kukimbia. Pikipiki imekwisha kwenda, basi mbwa anawageukia wanaokimbia. Anayeumwa si motari wala mrusha jiwe. Ni mama aliyekuwa akipita tu na beseni yake ya mihogo. Kabla ya saa sita mbwa amekatwa kwa panga. Kabla ya jioni ndugu wa mama na ndugu wa mchungaji wako kwa shefu wa kijiji, na hapo hoja si mbwa tena. Hoja ni nani mwenyeji na nani mgeni, shamba la nani lililiwa mwaka jana, ng'ombe wa nani walioporwa.

Mbwa huyo hakupaswa kumuuma mama yule. Hilo halina ubishi. Lakini karibu kila mtu aliyekuwa barabarani asubuhi hiyo alifanya kitu kilichomsukuma kuuma, mwenye mbwa naye akiwemo, na waliomuua walifanya kosa ambalo linaweza kumgharimu yule mama uhai wake. Watu wa Uvira na wa kandokando ya ziwa wanahitaji kuacha kumtazama mbwa wa wafugaji kama mnyama wa hasira asiye na sababu. Yeye ni mfanyakazi, na kazi yake ina kanuni ambazo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kujifunza kwa muda mfupi.

Mjini Uvira kuna mbwa wa namna mbili wanaofahamika na wote. Kuna mbwa wa lupango, ambaye geti lake limeandikwa kwa rangi nyekundu "Chien méchant" hata kama mwenyewe amelala kivulini siku nzima. Na kuna mbwa wa mtaani, anayezunguka sokoni na upande wa Kalundu akivizia ndagala zilizoanikwa. Huyu wa pili ukiinama tu kama mtu anayeokota jiwe, amekwisha kimbia. Watoto wamejifunza kutoka kwake kwamba jiwe ni dawa ya mbwa wote. Wanapokutana na mbwa wa tatu, yule wa kundi la ng'ombe au mbuzi, wanatumia dawa ileile, na hapo ndipo mambo yanaharibika.

Mbwa wa kundi hakimbii kwa sababu hana pa kukimbilia. Mbwa anayelelewa tangu mdogo kati ya ndama na mbuzi, akilala nao na kula karibu nao, anakua akiwaona kama jamaa zake. Mtu anapokaribia, kwanza anabweka. Asiposikilizwa, anasimama kati ya mtu huyo na mifugo. Asiposikilizwa tena, anakuja mbio, na mara nyingi anasimama hatua chache kabla ya kufika. Kubweka kwake ni onyo. Anasema kwamba amekuona na anataka uzunguke. Mtu anayerusha jiwe wakati huo anamjibu kwamba ndiyo, amekuja kwa ubaya.

Kazi hiyo ina faida inayojulikana. Huko Laikipia, nchini Kenya, watafiti waliochunguza maboma ya wafugaji walichapisha mwaka 2003 kwamba boma lililojengwa vizuri, lenye shughuli nyingi za watu na lenye mbwa wa ulinzi, lilipoteza mifugo michache zaidi kwa simba, chui na fisi. Huko Namibia, shirika la kulinda duma, Cheetah Conservation Fund, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994, ili mfugaji asilazimike kumpiga risasi duma. Huko Ufaransa, mbwa mwitu waliporudi katika milima ya Mercantour mwaka 1992, wachungaji walirudia mbwa wao weupe wa zamani wanaoitwa patou, na leo kwenye njia za milimani kuna vibao vinavyomwambia mtalii namna ya kupita. Nchi tajiri imeona haja ya kuandika vibao ili watu wazima wajue la kufanya mbele ya mbwa wa kondoo. Si aibu basi kwa Sange au Luvungi kuzungumza habari hiyo.

Mbwa wa bonde la Ruzizi si wale wakubwa wa Uturuki wala wa Ufaransa. Ni mbwa wa kienyeji, mwembamba, mwenye mkia uliojikunja, anayeshiba siku moja moja. Inachekesha kidogo kwamba mbwa wa Kongo aliye maarufu duniani ni basenji, mbwa wa kuwinda wa msituni, anayesifiwa kwa kuwa habweki, hata wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni wapate kujua alipo. Mbwa wa namna hiyo hana kazi zizini. Mfugaji wa Ruzizi anamtaka mwenye sauti, kwa kuwa adui wake mkubwa siku hizi si chui. Ni mwizi. Katika vita vya nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga, hasa tangu mwaka 2019, ng'ombe wameporwa kwa maelfu, na wafugaji wa makabila yote wamepoteza. Mbwa hazuii bunduki. Anamwamsha mwenye ng'ombe mapema, basi, na usiku dakika hizo chache zina thamani.

Zamani mtu na kundi waliweza kupishana kwa mbali. Sasa nafasi imepungua. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda katika miaka ya 2020 hadi 2024, nyumba nyingi za pwani ya Uvira ziliingiliwa na maji, na mafuriko ya Aprili 2020 ya mito kama Mulongwe yaliwafukuza maelfu ya watu kutoka makwao. Waliohama walijenga palipobaki. Mashamba ya mpunga na mihogo yamefika hadi kwenye njia za ng'ombe, na ng'ombe wamefika hadi kwenye njia za shule. Mbwa aliyezoea kumwona mgeni mmoja kwa siku anaona mia kabla ya jua kuchomoza vizuri.

Mpita njia afanye nini? La kwanza ni kupunguza mwendo, na hilo linawahusu motari kuliko wote. Pikipiki inayokuja mbio na honi kwenye kundi inafanana kabisa na shambulio. Motari anayesimama, akazima injini au akaiacha iungurume polepole, akangoja ng'ombe wapite, anapoteza dakika mbili. Mwenye baiskeli ashuke na kuikokota, baiskeli ikiwa kati yake na mbwa. Anayetembea kwa mguu azunguke kundi, asilikate katikati, na asipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Kama mchungaji anaonekana, aitwe kwa heshima, kwa sauti ya kawaida: "Baba, mbwa wako!" au "Kijana, tusaidie kupita." Wachungaji wengi wanamwita mbwa wao mara moja wakiombwa hivyo. Wakitukanwa wanachelewa makusudi, jambo baya lakini la kibinadamu.

Mbwa akija, mtu asimame. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana miguu inataka kukimbia. Lakini mbwa anamfuata anayekimbia, na hakuna mtu anayemshinda mbwa kwa mbio. Mtu asimame upande upande, mikono chini, asimkazie mbwa macho, aseme neno lolote kwa upole, halafu arudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Fimbo isiinuliwe. Kitu kilichoko mkononi, kikapu, jembe au begi la shule, kinaweza kushikwa mbele ya mwili kama ngao, bila kukirusha. Mbwa akiona mtu anaondoka kwenye kundi lake, kazi yake imekwisha na kwa kawaida anarudi. Mtu akiangushwa, ajikunje, afiche uso na shingo kwa mikono, asipige makelele. Na anayesafiri na mbwa wake mwenyewe amfunge kamba, kwa sababu ugomvi wa mbwa wawili hugeuka haraka kuwa ugomvi wa wenye mbwa.

Watoto wana sehemu yao. Mtoto asimshike mbwa wa kundi hata kama anaonekana mpole, asimtupie chakula, asimkaribie akiwa anakula au ananyonyesha. Walimu wa shule zilizo kandokando ya barabara ya taifa wanaweza kulifundisha jambo hili uwanjani kwa mchezo: mmoja awe mbwa, wengine wasimame kama miti. Watoto wanapenda mchezo wa kusimama kama mti, na mwili ukishazoea unakumbuka hata siku ya hofu.

Lakini ingekuwa dhuluma kumpa mpita njia mzigo wote. Sheria ya Kongo iko wazi. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia, kinachotokana na dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mwenye mnyama, au anayemtumia, anajibu kwa hasara ambayo mnyama huyo ameleta, akiwa chini ya ulinzi wake au akiwa amepotea au ametoroka. Kwa hiyo mfugaji anayesema "mbwa ni mbwa, mimi nifanye nini?" hana pa kusimama. Mama aliyeumwa anapaswa kulipiwa matibabu, na siku za shamba alizopoteza. Mbwa anayetoka zizini usiku kuzunguka kijijini bila mtu si mlinzi tena. Mbwa anayechochewa kumfukuza mkulima kutoka shambani mwake mwenyewe, ili ng'ombe wale, huyo anatumiwa kama silaha, na mchungaji wa namna hiyo anawaharibia jina wenzake wote. Pia kuna wanaomwachia mtoto wa miaka minane ng'ombe arobaini na mbwa wawili. Mtoto huyo hawezi kumwita mbwa akasikia.

Ndipo linakuja jambo la chanjo, ambalo kwa wafugaji wengi liko mwisho kabisa wa orodha, baada ya dawa za kupe na chumvi. Kichaa cha mbwa, wengine wanasema la rage, kinaua watu wanaokadiriwa kufikia 59.000 kila mwaka duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote barani Afrika na Asia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Wanne kati ya kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hapati kupona hata akipelekwa hospitali gani. Kabla ya dalili, anaweza kuokolewa.

Hapo ndipo kosa la kumuua mbwa linaonekana. Watu wanamkata kwa panga wakiamini wamemaliza hatari. Mbwa aliyeuma akiwa na virusi mateni wakati ule atakuwa mgonjwa au amekufa ndani ya siku kumi. Kama siku ya kumi yuko hai, anakula na kutembea vizuri, aliyeumwa hakuambukizwa na yeye. Ndiyo maana madaktari wanataka mbwa wa namna hiyo afungwe mahali salama na kuangaliwa siku kumi. Mbwa aliyezikwa au aliyetupwa mtoni Ruzizi hawezi kumwambia daktari kitu. Familia ya mama inabaki na hofu, na inabidi kutafuta dozi zote za chanjo, ambazo ni ghali na si kila kituo cha afya kinazo, kumbe labda zingeweza kusimamishwa katikati. Mbwa aliyekwisha kuonekana na kichaa, anayetokwa mate, anayeuma hata miti na mawe, huyo ni habari nyingine. Asishikwe na mtu asiye na ujuzi, viongozi na daktari wa mifugo waitwe, na mzoga wake usishikwe kwa mikono mitupu.

Aliyeumwa naye asingoje siku hizo kumi akiwa nyumbani. Kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Sabuni ya kipande, ya kufulia, inafaa. Pilipili, mafuta ya taa, majani ya kutafuna, jiwe jeusi, vyote hivyo vinapoteza saa. Baada ya kuosha, kituo cha afya siku hiyohiyo, na chanjo ianze bila kungoja mbwa aonyeshe hali yake. Ugonjwa huu hukaa mwilini kimya, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na ukimya huo ndio unaowadanganya watu. Mtu anapopona kidonda anasema yamekwisha.

Wapo wanaosema njia fupi ni kuwaua mbwa wote. Miji mingi imejaribu. Mbwa wanaouawa wanafuatwa na wengine wadogo wasio na chanjo, na ugonjwa unaendelea. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100, na kurudia. Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kilifanya hivyo hadi ugonjwa ukakatika mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, ukakatika mwaka 2018. Uvira si kisiwa, mpaka wa Kavimvira na Gatumba hauzuii mbwa, na vita haviachi gari la chanjo lipite kila mahali. Lakini wafugaji wanahamahama kati ya milima na bonde kwa njia zinazojulikana, na wanasimama kwenye vivuko na masoko ya mifugo yanayojulikana. Daktari wa mifugo anayekuja kuchanja ng'ombe angekuja na sanduku la pili la baridi kwa ajili ya mbwa. Bila hilo, mbwa anabaki mnyama pekee zizini asiyehesabiwa.

Mwaka 2013 ulitoka uchunguzi kuhusu migogoro ya wafugaji na wakulima huko Fizi na Itombwe, wenye jina la "La houe, la vache et le fusil", yaani jembe, ng'ombe na bunduki. Jina hilo linaeleza vizuri jinsi mambo yanavyopandana katika eneo hili. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, katika bonde hilihili, watu zaidi ya 30 waliuawa, na maafisa wa jimbo walisema wakati ule kwamba chanzo kilikuwa ugomvi wa ng'ombe. Sababu za mauaji yale zilikuwa nyingi na za zamani, ng'ombe alikuwa cheche tu. Lakini palipo na petroli nyingi namna hiyo, mbwa aliyemuuma mama wa kijiji jirani, au mbwa wa mfugaji aliyekatwa mbele ya watoto wake, ni cheche pia.

Kwa hiyo mbwa anastahili nafasi katika mazungumzo ambayo tayari yapo. Kwa desturi, mfugaji aliyeingia kwenye ardhi ya Mwami alitoa itulo ndipo akapata malisho, na siku hizi kuna kamati ambamo wakulima na wafugaji wanakaa pamoja kupanga njia za ng'ombe na kulipana hasara za mashamba. Mkataba unaosema ng'ombe watapita wapi unaweza kusema pia kwamba mchungaji mtu mzima atatembea mbele ya mbwa kila kundi linapovuka barabara, kwamba mbwa watafungwa asubuhi wanafunzi wanapopita, kwamba mwenye mbwa atalipa matibabu ya aliyeumwa bila kungoja mahakama, na kwamba hakuna mtu atakayemuua mbwa aliyeuma kabla ya siku kumi. Kundi linaposhuka kutoka milimani, shefu anauliza ng'ombe ni wangapi. Angeuliza na mbwa ni wangapi, na karatasi za chanjo ziko wapi.